Mechi ya Thelathini na Moja

Mashine imefika Jadida, Wete,
ndani ya boksi la maziwa ya unga,
imevishwa kanzu mbili na taulo isiumie njiani.
Shaame kaituma kutoka Maskati.
Juu kaandika kwa wino: MIZE, HII USIINYWESHE UJI.
Ile ya kwanza niliimwagia. Hajasahau.

Watoto wa kibandani wamejaa mlangoni.
Kwangu mechi ni mia mbili, aliyefungwa anampisha mwenzake,
na aliyefungwa sita anampisha na kunyamaza.
"Dada Mize, itazikubali sidii za zamani?"
Hata mimi sijui, nikawaambia.
Ziko mashine zina wivu wa mke mdogo,
hazitaki kusikia jina la aliyetangulia.

Nikaitoa sidii yake kwenye mfuko wa daftari,
ile ya mpira, ina mkwaruzo kama njia ya siafu,
nimeisugua kwa dawa ya mswaki mpaka inanukia mdomo wa asubuhi.
Nikaitia.
Mashine ikaguna,
ikaguna tena, kama karani anayetafuta faili la mwaka wa mafuriko.
Kisha ule muziki.
Wallahi, ule muziki!
Na wachezaji wenye nyuso za matofali,
ambao leo wamestaafu, wana vitambi,
wakatoka uwanjani wakikimbia, vijana vile vile.

Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao
hawakuuona msala huu
uliokuja ukauliza: mbachao uko wapi, tuutandike?

Ila kadi ya kumbukumbu haikupata tundu.
Niliigeuza upande huu, upande ule.
Humo mna ligi ya Shaame, mechi ya thelathini na moja,
anaongoza kwa pointi mbili.
Aliiacha usiku umeme wa Tanga ulipokatika,
alfajiri akapanda boti.
Miaka tisa yuko pale pale, pointi mbili juu,
nami sina pa kumchomeka.

Saa nne usiku akapiga simu.
"Twende mtandaoni, mimi na wewe."
Nikatafuta. Kioo kikaandika:
huduma ya mchezo huu imefungwa.
Yaani sidii inachezeka, kwa walio chumba kimoja.
Walio mbali wana mchezo wao, wa mwaka huu,
bei yake pishi tano za karafuu kavu,
na kuupakua kwa bando langu
uanze Rajabu, umalize Shaabani, inshallah.

Akanyamaza. Nasikia feni la chumba chao, wanalala sita.
"Basi igeuze simu iitazame tivii.
Shika pedi. Mikono yako, macho yangu."

Nikaiegemeza simu kwenye kopo la kahawa.
"Kulia! Kulia, Mize! Mraba! Pembetatu!"
Sauti yake sijui inapita wapi,
inafika imechelewa kwa pumzi moja.
Akisema piga, mpira keshanyang'anywa mtu.
Akisema rudi, kipa anauokota wavuni.
Tukafungwa tatu. Tukafungwa nne.
Watoto wanajigaragaza kwa kicheko,
na Faki wangu, miaka saba, akapaza sauti:
"Mjomba, sema kabla hujaona!"

Akaanza.
Akawa ananiambia piga mpira ungali mbali,
kwa kukisia, kwa kunijua,
kwamba kushoto huchelewa,
kwamba nikiogopa hubonyeza vyote.
Tukarudisha moja. Tukarudisha ya pili, mbaya, ya goti.
Dakika ya themanini na nane akasema "Mduara!" bila sababu,
nami nikabonyeza bila sababu.

Mpira uko hewani.

Kukatika kwa umeme sikukuona, nilikusikia:
Jadida nzima, "Aaaa!"
Kiza. Inawaka simu peke yake, chaji asilimia nne,
na Shaame, Maskati,
kwa kuchelewa kwa pumzi moja,
anauliza:
"Umeingia?"